Maonyesho ya sanaa na mavazi London: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba yetu iko London, na kiangazi hakipiti bila mgeni. Leo wifi kutoka Muscat, kesho binamu kutoka Mombasa, keshokutwa mwanafunzi aliyetua jana akitokea Kampala. Wakishapiga picha kwenye saa ya Big Ben huanza maswali, na maswali yenyewe ni yale yale. Nimeyakusanya hapa ili nipunguze kujibu kwa ujumbe wa sauti. Maonyesho ya muda huja na kwenda, kwa hiyo nimeegemea zaidi mahali na taratibu ambazo hazibadiliki kila wiki.

## Mambo ya mwanzo

Nina siku moja tu. Niende wapi?

Nenda Victoria and Albert Museum, ambayo kila mtu huiita V&A. Iko South Kensington na ilianza mwaka 1852. Mtu aliyetua Heathrow anafika kwa treni moja tu, ile ya Piccadilly, bila kubadilisha.

Sababu yangu ni hii: V&A ni makumbusho ya vitu vilivyotengenezwa kwa mikono. Kuna nguo, vyungu, vito, mazulia, viti, makufuli. Mtu asiye na mazoea ya makumbusho hapotei humo, kwa kuwa vitu vyenyewe anavijua. Shangazi yangu ni fundi cherehani Tanga. Nilipompeleka, michoro aliipita kama anayewahi daladala. Tulipofika kwenye magauni akasimama mbele ya moja robo saa nzima, ameinama, anatafuta mshono wa bega. "Huyu kashona kwa mkono," akasema. "Tazama hapa, sindano imerudi nyuma kila hatua." Mlinzi akasogea, akidhani tuna jambo. Tulikuwa nalo.

Ukiwa humo, usiache kulitafuta zulia la Ardabil kwenye ukumbi wa sanaa za Kiislamu. Lilifumwa Iran, na tarehe iliyofumwa ndani yake ni mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539 au 1540. Lina urefu wa zaidi ya mita kumi. Taa zake huwashwa dakika kumi tu, kila saa kamili na kila nusu saa, ili rangi zisipauke. Ukifika kumefifia, subiri kidogo. Taa zinapopanda utasikia watu wakivuta pumzi.

Mkusanyiko wa kudumu na maonyesho maalumu vinatofautianaje?

Mkusanyiko wa kudumu ni mali ya makumbusho yenyewe. Upo mwaka mzima, na katika makumbusho ya taifa huingii kwa pesa. Maonyesho maalumu hukusanya vitu vya wakopeshaji mbalimbali kwa miezi kadhaa, mara nyingi kwa tiketi ya kulipia, kisha vitu hurudi kwa wenyewe. Wageni wengi hununua tiketi ya maalumu wakidhani ndiyo ya mlangoni. Siyo. Unaweza kushinda V&A kutwa nzima usitoe hata senti.

Matangazo yote yanasema "usikose". Nichague vipi?

Uliza kwanza kama vitu vyenyewe vipo. Siku hizi kuna maonyesho ya picha za mwanga zinazorushwa ukutani, muziki unapigwa, watu wamelala kwenye mito wakitazama alizeti za Van Gogh zikielea. Si haramu, watoto hufurahi. Ila hapo hakuna mchoro hata mmoja wa mkono wake, na bei yake si ndogo. Alizeti zenyewe, alizochora mwaka 1888, ziko National Gallery pale Trafalgar Square, bure, na ukisogea unaona rangi ilivyokauka kwa mafungu kama udongo wa kukandikia.

Ipi iko karibu na ipi?

Chukua upande mmoja wa mji kwa siku moja. Magharibi ni V&A, na kutoka hapo basi litakufikisha Design Museum na jumba la Kensington. Katikati kuna National Gallery na National Portrait Gallery, zimepakana kabisa, na kwa miguu unafika Somerset House au British Museum. Ng'ambo ya kusini ya mto Thames kuna Tate Modern, na ukiendelea kutembea utaingia Bermondsey, kwenye Fashion and Textile Museum. Mashariki kuna V&A East Storehouse, karibu na kituo cha Hackney Wick. Makumbusho ya Horniman yako peke yake, Forest Hill, lakini yana bustani na watoto huyapenda.

## Tiketi na pesa

Ni kweli kuingia ni bure? Hakuna mtego?

Hakuna. Tangu Desemba 1, 2001 makumbusho ya taifa ya Uingereza hayatozi kiingilio kwa mikusanyiko yao ya kudumu, na hawakuulizi wewe ni raia wa wapi. Mlangoni utakuta sanduku la michango, pengine na mtu anayetabasamu kando yake. Ukitoa, ahsante. Usipotoa, hakuna atakayekufuata.

Jambo la kuangalia ni foleni. Kwa British Museum, weka nafasi ya bure mtandaoni kabla ya kwenda, hasa Jumamosi na wakati wa likizo za shule.

Maonyesho maalumu ni bei gani, na nitapunguzaje?

Makubwa mengi huanzia kama pauni 15 na kupita 20. Njia za kupunguza zipo kadhaa, na watu hawazitumii. Mwenye umri wa miaka 16 hadi 25 ajiandikishe bure kwenye mpango wa vijana wa Tate uitwao Tate Collective. Tiketi zake ni pauni 5. Wanafunzi wana punguzo karibu kila mahali, kwa hiyo tembea na kitambulisho. Anayemsaidia mtu mwenye ulemavu kwa kawaida haingii kwa pesa. Na kama una ndugu mwenye uanachama wa makumbusho, muulize: baadhi ya uanachama huruhusu mgeni mmoja, na wengi wao kadi zinalala tu kwenye pochi.

Tiketi zimeisha. Ndiyo basi tena?

Hapana, ila jifunze kwa yaliyopita. Mwaka 2019 V&A ilifanya maonyesho ya mbunifu wa mavazi Christian Dior. Tiketi za miezi mitano zilikwisha kabla ya wiki tatu, ikabidi muda uongezwe, na hatimaye waliyaona watu karibu 595,000. Kabla ya hapo, mwaka 2015, yale ya mbunifu mwingine, Alexander McQueen, yalipata watazamaji 493,043, na wikiendi mbili za mwisho milango iliachwa wazi usiku kucha. Watu walikuwa wakitazama magauni saa tisa za usiku.

Kwa hiyo: ukisikia maonyesho makubwa ya mavazi yametangazwa, kata tiketi mapema, hata kabla ya tiketi ya ndege ikiwezekana. Umechelewa? Fungua tovuti ya makumbusho asubuhi ya siku yenyewe, maana mara nyingine tiketi chache huachiliwa. Siku za kazi asubuhi na jioni ndizo zenye nafuu. Usinunue kwa mtu wa mtandaoni anayedai ana ya ziada.

## Mavazi

Mbali na V&A, mavazi yanaonekana wapi?

Fashion and Textile Museum, Bermondsey. Ilianzishwa na mbunifu Zandra Rhodes na kufunguliwa mwaka 2003. Huwezi kuipita bila kuiona, kwa kuwa jengo ni la rangi ya chungwa na waridi kali. Ni ndogo, ni ya kulipia, na hufungwa kati ya onyesho moja na jingine, kwa hiyo angalia tarehe. Udogo wake ndio raha yake: nguo zimekaa karibu na wewe, na waliomo wengi ni mafundi na wanafunzi wa ushonaji wanaonong'onezana kuhusu bitana.

Design Museum hufanya maonyesho ya mavazi mara kwa mara, na jumba la Kensington huonyesha mavazi ya ukoo wa kifalme. Hili la pili ni la kulipia, na mimi ningeliweka mwisho wa orodha. V&A nayo angalia kumbi zipi ziko wazi, maana hufungwa kwa zamu kwa ukarabati, na ule wa mavazi, namba 40, nao huguswa.

Nimesikia kuna mahali unaagiza nguo uletewe mezani. Ni kweli?

Kweli kabisa, na kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote yaliyofunguliwa London miaka ya karibuni. V&A East Storehouse ilifunguliwa Mei 31, 2025, mashariki mwa mji, kwenye jengo lililotumiwa na waandishi wa habari wakati wa Olimpiki ya 2012. Ni ghala. Makumbusho mengine huficha ghala. Hili wameamua watu waingie ndani yake. Vitu vinapita 250,000, vimepangwa kwenye rafu hadi juu, na unatembea katikati yake huku ukichungulia chini kwenye sakafu ya kioo.

Kuingia ni bure. Utaratibu wa kuagiza uko hivi: unaingia kwenye orodha ya vitu mtandaoni, unachagua visivyozidi vitano, unaweka siku, na uwe umeomba angalau wiki mbili kabla. Siku ikifika unakuta kitu chako kimetandazwa mezani na mhudumu yuko kando kukuelekeza. Si lazima uwe mtafiti wala usomee chochote. Gauni la hariri la waridi la mbunifu Balenciaga la mwaka 1954 ni miongoni mwa vilivyoagizwa sana. Humo pia hutundikwa pazia la jukwaa la mwaka 1924 lililochorwa kutokana na kazi ya Picasso. Linajaza ukuta mzima.

Ushauri wa bure: usiagize kwa jina kubwa tu. Agiza kitu unachokifahamu kwa vidole, kisha kigeuze macho upande wa ndani. Nje ya nguo kila mtu anaiona, fundi anajulikana ndani.

Mbona kwenye maonyesho ya nguo kuna giza?

Mwanga hula kitambaa. Hariri huchakaa ikawa kama karatasi, na rangi za asili hupauka zisirudi. Kwa hiyo taa hushushwa hadi kiasi cha laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), wakati ofisini kwako pengine ni 500. Ndiyo sababu pia nguo hupumzishwa: ikishakaa nje miezi kadhaa hurudishwa sandukuni kwa miaka. Uliyoiona mwaka juzi usishangae leo hukuikuta. Wazee wanaotumia miwani wape dakika chache mlangoni macho yazoee.

Wiki ya mitindo ya London naweza kuingia?

Maonyesho yenyewe ya jukwaani, ya Februari na Septemba, ni ya biashara: wanunuzi, waandishi, walioalikwa. Ukisimama nje utapata burudani ya kutazama waliovaa ili wapigwe picha, na wengine huona inatosha.

Mimi ningekwambia uje Juni badala yake, wakati vyuo vya sanaa vinafungua milango na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaonyesha kazi zao. Central Saint Martins, alikosomea McQueen, iko King's Cross. Hailipiwi, na aliyeshona yuko kando ya nguo yake, hajalala, anatamani umuulize.

Nilikosa yale maonyesho ya mitindo ya Afrika. Yatarudi?

Unayazungumzia ya V&A ya Julai 2022 hadi Aprili 2023, yaliyoitwa Africa Fashion: vitu zaidi ya 250, wabunifu 45 kutoka nchi zaidi ya 20. Yalipofungwa London yalivuka bahari, yakaanzia Brooklyn, New York. Kurudi sijasikia, lakini baadhi ya mavazi yalinunuliwa na makumbusho, kwa hiyo yamo kwenye mkusanyiko na unaweza kuyatafuta kwenye orodha. Kuagiza, rudi juu kwenye swali la ghala.

Mimi ni fundi. Nionyeshe kazi, si makumbusho.

Tembea Savile Row, mtaa wa washonaji wa suti. Baadhi ya karakana ziko chini ya usawa wa barabara na madirisha yake yanaonekana kutoka kwenye kijia, kwa hiyo unasimama juu unamwona mtu anakata koti. Shangazi alisimama hapo muda mrefu kuliko Buckingham. Ukitoka hapo panda treni hadi Goldhawk Road, Shepherd's Bush, maduka ya vitambaa yamepangana mlango kwa mlango na bei inajadilika. Vitenge utavikuta pia Ridley Road kule Dalston, na Peckham.

## Sanaa, na wetu waliomo

Kuna chochote cha Afrika Mashariki?

Kipo, ila hakikupungii mkono, lazima ukitafute.

Anza British Museum. Wana vifaa vya mawe kutoka Olduvai, kimojawapo kikiwa na umri wa karibu miaka milioni 1.8, na wana vigae vya vyungu vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani mwaka 1948. Vigae hivyo ni vipande tu: vya kwetu vya udongo vimechanganyika na vya China na vya Ghuba. Mtu wa Kilwa akiviona hucheka, "hivi si ndivyo tunavyokanyaga?" Ndivyo hivyo hivyo, na vinaeleza bandari ilivyokuwa ikila na kunywa.

Kwenye ukumbi wa Afrika, chini kwa ngazi, utafute mtungi wa Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Hatumii gurudumu, hujenga kwa mkono, hung'arisha kwa kusugua, na weusi wake hutokana na moto na moshi, si rangi ya kopo.

Kwa wachoraji, jina la kwanza ni Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kuletwa Uingereza akiwa mchanga wa miezi baada ya baba yake kufariki. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Mwaka 2017 alishinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kazi zake zimejaa nguo na maneno, na mtu aliyekulia kwenye kanga huhisi amefika nyumbani kabla hajasoma maelezo.

Wa pili ni Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1984. Hachori kwenye turubai la kawaida bali kwenye lubugo, gome la mti linalogongwa Uganda mpaka likawa kitambaa. Alilikuta kwanza kwenye soko la watalii Nairobi. Lina matobo na mashono, naye huyaacha yaonekane, hivyo tundu linaweza kuangukia kifuani mwa mtu aliyemchora. Mwaka 2021 alipopewa kumbi za Royal Academy aliwaingiza na wakubwa wake, akina Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe na Sane Wadu. Adabu ile niliipenda.

Na kanga je?

British Museum inazo nyingi. Mwaka 2013 ilifanya maonyesho ya vitambaa vya Afrika ambamo kanga ilipewa nafasi yake, ikatundikwa ikiwa wazi, pindo, mji na jina vinaonekana. Siku za kawaida nyingi ziko ghalani, kwa hiyo usiende ukitarajia ukuta mzima. Itafute kwenye orodha yao ya mtandaoni kwa neno hilo hilo, kanga, utaziona kwa picha.

Kinachonichekesha ni namna watazamaji wanavyoisoma. Hutazama rangi, husema "nzuri," wakapita. Jina hawalioni. Siku moja nilimtafsiria mama mmoja wa Kiingereza maneno ya kanga niliyokuwa nimeivaa mwenyewe mabegani, yale ya mke mwenza kumrushia mwenzake, akaniuliza kama ni sala. Nikamwambia karibu.

Tate Modern sielewi kitu. Tatizo ni mimi?

Si wewe. Tate Modern ilifunguliwa mwaka 2000 ndani ya kiwanda cha zamani cha umeme, na kazi nyingi humo hazikusudii kufanana na kitu. Anzia ukumbi mkubwa wa chini, ulimokuwa mitambo, ambako kila mwaka msanii mmoja hupewa nafasi yote. Kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024 alikuwa El Anatsui wa Ghana. Ukiwa mlangoni uliona tanga kubwa la dhahabu na wekundu likining'inia. Ukisogea, ni vizibo vya chupa za pombe, maelfu kwa maelfu, vimebondwa bapa na kushonwa kwa waya. Hapo hakuna aliyeuliza maana yake.

Ushauri: ingia vyumba vitatu, si kumi. Kama kazi haikusemeshi, pita.

1-54 ni nini, na Frieze je?

Zote ni soko, si makumbusho, na zote huja Oktoba. Frieze hupiga mahema Regent's Park tangu 2003. Ni ya dunia nzima na kiingilio chake kinauma. 1-54 ilianza 2013 pale Somerset House. Jina linatokana na nchi 54 za bara moja, na ni ya sanaa ya Afrika ya leo. Kama pesa ni ya tiketi moja, nenda 1-54: vyumba vidogo, wenye galeri wanaongea na wewe, na hukosi kusikia Kiswahili kwenye ngazi.

Galeri za Mayfair zina kengele mlangoni. Nitafukuzwa?

Bonyeza, ingia, sema habari za mchana. Hawatozi, na hawaulizi utanunua nini. Ni maduka, lakini mara nyingine wanaonyesha kazi ambazo makumbusho yangekutoza kuziona. Bei haiandikwi ukutani, na usiiulize kwa mzaha.

Vitu vilivyochukuliwa kwa nguvu navyo vimo? Nitajuaje?

Vimo. Soma kibao: tafuta kilipatikana mwaka gani na kwa nani, si kilitengenezwa wapi tu. Mfano wa mavazi ni V&A, wenye gauni la pamba la mke wa Mfalme Tewodros wa Ethiopia, lililotwaliwa baada ya vita vya Maqdala mwaka 1868. Kwa upande wetu kuna Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na maofisa wa kikoloni mwaka 1902. Iko British Museum, ghalani, haijatundikwa popote.

Kisheria, British Museum na V&A hujitetea kwa sheria za mwaka 1963 na 1983 zinazobana utoaji wa vitu. Ndiyo maana dhahabu ya ufalme wa Asante ilipopelekwa Kumasi, Ghana, mwaka 2024 ilikwenda kwa mkopo, vitu 32, kwa wenyewe walioporwa. Horniman si ya taifa kwa namna ile, nayo mwaka 2022 ilirudisha umiliki wa vitu 72 vya ufalme wa kale wa Benin kwa Nigeria. Mimi huwapeleka wageni kuviona, na huwaambia yote mawili.

## Siku yenyewe

Ni siku gani hakuna msongamano?

Ijumaa jioni. V&A hufungwa saa 11:45 jioni siku nyingine, lakini Ijumaa huenda hadi saa nne usiku. British Museum na National Gallery nazo huchelewa kufunga siku hiyo. Kumbuka saa hizi nimezitaja kwa hesabu yetu. Kwenye tovuti utaona 17:45 na 22:00.

Naweza kupiga picha na kuingia na begi?

Picha ndiyo, bila mwako na bila mguu wa kamera. Maonyesho maalumu mengine hukataza, kibao kitakwambia. Begi la mgongoni sawa. Sanduku la safari hapana: British Museum hawakubali hata kulitunza, na nimeshuhudia mgeni wangu akirudishwa nalo kituoni akiwa na saa tatu tu kabla ya ndege.

Nina watoto.

Kiangazi, bustani ya ndani ya V&A ina kidimbwi chenye maji ya kina kifupi na watoto huchezea humo. Beba taulo. Mkahawa wake una vyumba vya karne ya 19 vyenye vigae ukutani; nunua chai moja tu ukavione, chakula kula kwingine. Horniman nimeshaitaja.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji.

Hutahitaji zaidi ya hicho. Piga picha kibao usome baadaye kwa programu ya kutafsiri, ila kwenye majina ya nguo na mishono isikudanganye.

## Maswali ya pembeni

Mimi ni mchoraji. Kazi yangu inaweza kutundikwa London?

Royal Academy imefanya maonyesho ya kiangazi kila mwaka tangu 1769, na yeyote anaweza kuomba. Unalipa ada, unatuma picha za kazi mtandaoni, wanachuja, wachache huitwa kupeleka kazi yenyewe. Wanaokataliwa ni wengi mno, wakiwemo mashuhuri. Kabla hujalipa, piga hesabu ya kusafirisha.

Naruhusiwa kukaa nikachora ndani?

Penseli ndiyo, kwenye mikusanyiko ya kudumu. Rangi na wino wanakataza. Fundi anayetaka kunakili mkato wa kola hakuna atakayemzuia.

Bibi ameacha kanga za zamani. Makumbusho yatazitaka?

Pengine, lakini usizibebe ukaenda nazo mlangoni. Waandikie barua pepe wenye idara husika, weka picha ya kila kanga ikiwa imetandazwa yote, na picha ya karibu ya jina. Wataka kujua nani aliivaa, wapi, kwenye shughuli gani. Kisutu kilichovaliwa harusini, na mwaka wake unajulikana, kina uzito kuliko doti kumi zisizo na habari. Bei hawatakutajia, wala hawakadirii thamani. Hiyo si kazi yao.

Wakati unasubiri jibu, zitoe kwenye mfuko wa plastiki. Usizikunje kwa mkunjo mkali mahali pale pale, zizungushe kwenye bomba la karatasi ngumu lililofunikwa shuka safi ya pamba, na uziweke mbali na dirisha. Kisha mpigie mama mkubwa aliyebaki, msome naye majina moja moja, na uandike anachokwambia, kwani yeye ndiye anayejua ile nyekundu ilinunuliwa kumjibu nani.